Ua Ulioanguka na Moyo wa Mama

Mama yangu alikaribia kufa kwa kukosa maji ndani ya nyumba yenye mapipa mawili yaliyojaa mpaka mdomoni, na aliyekuwa akimwangalia ni mimi. Nalisema mwanzoni kabisa nisije nikajipendezesha huko mbele. Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia. Kwa miaka thelathini na nne nimechora moyo ubaoni, vyumba vinne, chaki nyekundu upande huu na ya buluu upande ule, na nikawakemea wanafunzi waliochanganya kushoto na kulia. Kinyozi hajinyoi, wanasema. Kinyozi mimi, hata kichwa cha mama yangu kilinishinda.

Baba alifariki mfunguo nne, mwezi wa nne baada ya Ramadhani, Kilwa Kivinje, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Alikuwa seremala. Aliishi na mama miaka sitini na miwili, na katika miaka yote hiyo sikumbuki mama kulala nje ya nyumba ile, ila alipokwenda kwao kujifungua, na mara moja alipokuja Lindi kunitazama nilipojifungua mimi. Alipozikwa baba, mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi: nguo nyeupe, hapana manukato, hapana hina, hapana kutoka, hapana kuonwa na wanaume wasio maharimu zake, yaani anaoweza kuolewa nao. Mimi nilikuwa nimestaafu mwaka uliotangulia na watoto wangu wameshajitegemea. Mume wangu akaniambia nenda kakae na mama yako. Nikafunga begi.

Nyumbani tulikuwa wawili, mama na mimi. Mdogo wangu wa kiume anaishi Njinjo na mikorosho yake. Alikuja kila baada ya wiki mbili tatu na kiroba cha mihogo, akakaa barazani na wanaume, akala, akaondoka. Wa tatu alikuwa shangazi, dada yake baba, ambaye nyumba yake ni ya pili kutoka yetu. Shangazi ni mwembamba, ana miaka sabini na minne, na hajawahi kujifunza kunong'ona. Kila asubuhi alikuja kuhakikisha kwamba eda ya kaka yake inakaliwa inavyotakiwa. Alikagua mapazia. Alinusa sabuni. Siku moja aliitupa sabuni yangu kwa sababu ina harufu ya waridi, nami nikaiokota alipoondoka, maana sabuni haikuwa ya mfiwa, ilikuwa yangu.

Kuna jambo la ua, na lazima niliseme hapa. Nyuma ya nyumba ndiko uani: jiko, mapipa ya maji, na choo kikiwa pembeni kabisa. Uani kulizungushiwa ua wa makuti ya kumba, na nje ya ua hupita kijia cha kwenda soko la samaki. Kila mwaka kabla kusi haijashika, baba alibadilisha nguzo zilizooza na kufunga makuti mapya. Mwaka ule alikuwa kitandani. Siku ya tatu ya msiba, upande wa kijia ulilala chini wote. Mama aliniona nikipita na sinia la wali, akanishika nguo.

"Mwanangu, ua umeanguka."

"Mama, huu ni wakati wa kufikiri habari za ua?"

Ndivyo nilivyomjibu, kwa sauti ninayowajibu watoto wa kidato cha kwanza. Baadaye kidogo niliegemeza bati moja bovu pale, likaziba robo ya pengo, nikarudi kwa wageni. Mama hakulitaja tena. Ni tabia yake. Jambo akilisema mara moja na lisisikilizwe, halisemi mara ya pili.

Wiki zikapita. Kazi yangu niliifanya kwa utaratibu, kama nilivyofanya kazi zote maishani. Mama ana presha ya siku nyingi, na miongoni mwa dawa zake kuna kidonge kinachopunguza maji mwilini. Unakimeza, unakwenda haja ndogo mara nyingi. Sikukiruka hata siku moja. Jagi la maji ya kunywa nililijaza asubuhi na alasiri, nikaliweka kwenye kigoda karibu na kitanda chake, na kila nilipolirudia nililikuta tupu. Nikaridhika. Mwalimu akikuta daftari limejaa maandishi huridhika, wala haulizi aliyeandika ni nani.

Dalili zilikuwapo. Mwezi wa pili aliniomba kidonge kile kihamie baada ya sala ya Isha badala ya asubuhi. Nikamuuliza sababu, akasema asubuhi kinampa kichefuchefu, nami sikuona tabu. Aliacha kula tikiti. Mdogo wangu alileta madafu, akayagawa yote kwa wanawake waliokuja kumpa pole. Chai alionja tu. Midomo ilimkauka ikapasuka, tukampaka mafuta ya nazi yasiyo na harufu, kwa idhini ya shangazi. Akawa anasinzia mchana, na akiamka huuliza leo ni siku gani, kisha baada ya muda huuliza tena.

Halafu moyo. Alisema unamwenda mbio. Alikuwa akisimama kutoka kitandani anashika ukuta, anangoja, ndipo anapiga hatua. Wanawake waliokuwa wakija kumkalisha walitikisa vichwa, wakasema ni huzuni, miaka sitini si mchezo. Shangazi alisema kwa sauti iliyosikika mpaka barazani, "Kaka anamwita." Na mimi, ambaye nilipaswa kumshika mkono na kuhesabu, nilikubaliana nao. Nilisema ni huzuni. Nilijisikia hata utamu kidogo kusema hivyo, kwamba wazazi wangu walipendana kiasi hicho. Naona haya nikiukumbuka utamu ule.

Alianguka siku ya Jumanne, adhana ya adhuhuri ikiwa bado haijaisha. Alikuwa ananyanyuka kwenda kutawadha. Nilisikia kishindo, nikaingia, nikamkuta ameegemea kitanda akiwa amekaa chini, macho wazi, hanitambui. Nikamshika kifundo cha mkono. Nilihesabu kwa saa yangu na nikadhani nimekosea, nikahesabu upya: mia moja na ishirini na sita, tena mapigo madogo, yenye kukatika. Niliubana mgongo wa kiganja chake kwa vidole viwili, nikauachia. Ngozi ilibaki imesimama. Jaribio hilo nimewafundisha watoto wa watu miaka mingapi? Ngozi isiporudi, mwili hauna maji.

Fahamu zilipomrudia nikamwambia tunakwenda hospitali.

"Siendi," akasema. "Nipo eda."

"Mama, moyo wako—"

"Nimekaa na baba yako miaka sitini na miwili. Miezi minne nitashindwa kumkalia? Zimebaki wiki tano. Niache."

Nikamsihi, kisha nikapandisha sauti, kisha nikalia, kwa mpangilio huohuo. Mimi ni mtu wa hasira za karibu na machozi ya karibu, vyote hukaa nyumba moja. Mama alifumba macho. Nilimuona shangazi amesimama mlangoni na nikajua sasa nina wapinzani wawili. Nikamgeukia kabla hajafungua mdomo, nikamwambia kwamba akitia neno la mapazia mbele yangu leo tutakosana mpaka kiyama.

Shangazi alinipita. Aliinama kwa shida mbele ya mama, akamshika kidevu.

"Wifi, nani kakwambia eda ni jela ya kufia ndani? Tabibu ni haja. Kwa haja mfiwa hutoka, na mchana hutoka. Nilikaa eda ya mume wangu nikang'olewa jino, ulinisindikiza mwenyewe. Au umesahau?"

Mama akafumbua macho. "Jino lile lilikuwa limeoza," akasema.

"Na wewe unaoza sasa. Inuka."

Alikubali kwa sharti moja, afunikwe vizuri na bajaji ishushwe turubai pande zote. Shangazi akavua buibui lake mwenyewe, ambalo ni kubwa, akamviringisha nalo. Tuliondoka mama akiwa katikati yetu, na njia nzima shangazi alimwamrisha dereva atazame mbele, kana kwamba bajaji huendeshwa kwa kutazama nyuma.

Hospitalini walimlaza. Walimtoa damu, wakampima umeme wa moyo, wakamwekea dripu, na wakaipunguza kasi mpaka matone yakawa ya kuhesabika. Nilitaka kuuliza mbona polepole hivyo wakati mtu amekauka. Daktari akanitangulia. Alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Alimwamkia mama shikamoo, akangoja marahaba yenyewe itoke, hata ilipochukua muda. Kwa hilo tu nilimpenda. Akasema moyo wa mzee ukiumwagia maji kwa pupa unaweza kuzidiwa, na maji yakaishia mapafuni. Akasimamisha kile kidonge nilichokuwa nikimpa kwa uaminifu. "Kwa mtu asiyekunywa," alisema taratibu, "kidonge hiki ni kama kuchota kwenye kisima kinachokauka." Aliyasema bila lawama. Lawama nilijipa mwenyewe.

Jioni alirudi, akavuta kiti. Alikuwa ameshaambiwa kwamba mimi ni mwalimu wa baiolojia, nadhani na shangazi, aliyewaambia wodi nzima. Akaniuliza kama nilifundisha habari za naitriki oksaidi.

Nikasema ndiyo, kama uchafu. Nilipokuwa chuoni, gesi hiyo ilikuwa katika orodha ya moshi wa magari, na mwalimu wetu aliipitia kwa sentensi moja. Daktari akacheka. Akasema kumbe mwili wenyewe huitengeneza, kwa vipimo vidogo mno. Utando mwembamba uliotandikwa ndani ya mshipa wa damu huitoa, inakaa sekunde chache inapotea, lakini katika sekunde hizo inauambia msuli wa mshipa: legea, panuka. Moyo nao unayo yake. Humsaidia mtu mapigo yasipande kupita kiasi, na msuli wa moyo ulegee vizuri baada ya kila pigo upate kujaa damu kabla ya pigo jingine.

"Sasa mtu akipungukiwa na maji," alisema, "damu inayozunguka inapungua. Kijana mwili wake hujipanga upya. Mishipa hubana hapa, hulegea pale, moyo huongeza kasi kwa kiasi, na gesi hii ni mmoja wa wasimamizi wa kazi hiyo. Kwa mzee usimamizi umechoka. Gesi inatengenezwa kidogo, au inaharibiwa kabla haijafanya kazi. Mishipa imekuwa migumu. Maji yanapopungua, moyo hauna wa kuusaidia, unabaki kukimbia peke yake, tena bila kujaa."

"Na hayo yana hakika?"

"Kwa upana wake, ndiyo. Undani wake watu bado wanauchunguza. Ila hili la kitandani hapa halihitaji utafiti. Bibi hanywi maji. Kwa nini?"

Tukamtazama mama. Mama akatazama chupa ya dripu. Daktari akamuuliza kwa upole kama anasikia kiu, akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba hilo nalo ni la uzee, kiu huchelewa kuja, na aliyezoea kuipuuza huacha kabisa kuisikia. Lakini mwanzoni kuna siku aliisikia na akakataa kunywa. Akamuuliza tena sababu. Mama akageuzia uso upande wa pili.

Nikasema, "Daktari, jagi lilikuwa linaisha. Kila siku mara mbili."

Daktari alipoondoka, mama akaniita karibu. Sauti ilikuwa imeanza kumrudi.

"Yale maji natawadhia," akasema. "Ndani, kwenye beseni. Birika liko chooni."

"Na beseni?"

"Namwaga dirishani, penye mchaichai."

"Mama, chooni huendi?"

"Naenda kabla ya alfajiri na baada ya Isha. Kukiwa na giza." "Mchana watu wanapita kwenda sokoni. Wavuvi, wachuuzi, wanaume tu. Ua hakuna. Mimi nipo eda, nitatokaje na kopo mkononi wananiona? Nikaona nisinywe, basi. Usipokunywa huendi."

Alisema hivyo bila kunilaumu, kama mtu anayeeleza namna ya kupika kitu. Nikakumbuka siku ya tatu, sinia la wali, na jibu langu. Nikamuuliza kwa nini hakutumia ndoo chumbani, ningeibeba mimi. Alinitazama kwa namna ambayo nilijisikia nina miaka saba.

"Uchafu wangu uubebe wewe? Sijafika huko."

Niliondoka pale kitandani, nikaenda kusimama nje ya wodi penye jua, nikampigia simu mdogo wangu. Sikumsalimu. Nilimwambia kwamba mama yetu amekaa miezi mitatu bila kunywa maji ya mchana kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusimamisha nguzo tano, na kwamba kila alipokuja alikula mihogo yake mwenyewe barazani akiwa ameupa mgongo ua ulioanguka. Nilimwambia mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, na wewe si ulikuwa humo ndani?"

Nikakata simu. Alikuwa na haki, na kwa sababu hiyo sikumpigia tena siku mbili.

Alikuja kesho yake na miti na makuti, peke yake. Alianza asubuhi, na kabla ya adhuhuri kazi ilikuwa imekwisha. Shangazi alimsimamia kutoka mlango wa jikoni, na aliponihadithia hospitalini alisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyie mmejenga ukuta, na ukuta wenyewe wa makuti." Akacheka peke yake. Mimi nilichofikiria ni ile asubuhi moja. Nusu siku ya kazi ya mtu mmoja. Nimeishi kwa kuamini kwamba mambo makubwa huletwa na sababu kubwa, na nimewafundisha hivyo watoto wengi, na kumbe mwili wa mtu mzima unaweza kuangushwa na kitu ambacho kila mpita njia alikiona.

Mama alikaa hospitali siku tisa. Figo, ambazo nazo zilikuwa zimeanza kugoma, zilirudi. Akili ilirudi yote, pamoja na ubishi. Moyo haukurudi wote. Daktari alituambia waziwazi kwamba hata awali haukuwa mpya, na miezi ile imeupunguzia nguvu. Ataishi nao, lakini kwa masharti. Maji yasiwe machache, kwa sababu mnazijua habari zake. Yasiwe mengi kupita kiasi, kwa sababu moyo dhaifu hushindwa kuyasukuma na miguu itavimba. Kikombe kimoja kwa saa zilizopangwa, kiu iwepo isiwepo. Akaniandikia saa zile kwenye karatasi, nami nikaibandika ukutani kwa mama.

Alimaliza eda yake ndani ya ua mpya. Siku ya mwisho shangazi alimwogesha, akamvika gauni jipya, akamfukiza udi mpaka tukapiga chafya sote. Mama akatoka akaketi barazani kwa mara ya kwanza tangu jeneza la baba lipite pale. Hakusema neno kubwa. Aliuliza kwa nini mtaro wa jirani haujazibuliwa.

Nilirudi Lindi. Nikawa ninampigia simu kwa saa za ile karatasi.

"Umekunywa, mama?"

"Nimekunywa."

"Kikombe kizima?"

"Kwani wewe ulikuwa unakinywa nusu?"

Nilijifunza kumtambua akidanganya. Akidanganya huuliza habari za wajukuu haraka haraka. Shangazi aliahidi kunisaidia, na msaada wake ulikuwa kusimama mlangoni na kupaza sauti, "Wifi, maji!" saa yoyote anapokumbuka, kwa hiyo kuna siku mama alikunywa mara mbili kwa saa moja ili apate amani. Mimi mwenyewe nilianza kujitazama. Nina miaka sitini na moja. Niligundua kwamba naweza kukaa tangu asubuhi mpaka alasiri bila kukumbuka maji, na hakuna kitu mwilini kinachonishtua. Sasa nanyanyuka nakunywa, nikiwa sina hamu. Gesi ile ya sekunde chache siioni wala siisikii, ila najua yangu nayo inapungua kila mwaka, na sipendi kulijua hilo.

Ikaja Ramadhani. Wiki moja kabla, tulimrudisha mama kwa daktari, naye akasema kwa adabu nyingi kwamba bibi asifunge. Si mwaka huu tu. Kukaa bila maji tangu alfajiri mpaka magharibi, kwa moyo ule, ni kuurudisha pale sakafuni tulipouokota. Tulipofika nyumbani mama alivua viatu, akakaa, akasema, "Nimefunga tangu sijavunja ungo."

Nilitegemea shangazi ataleta ubishi, na kwa mara ya pili alinishangaza. Alisema mgonjwa wa namna hiyo ana ruhusa, atatoa fidia, kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku, na aliyetoa ruhusa anajua kwa nini ameitoa. Mama alisema anayajua hayo, aliyajua kabla shangazi hajazaliwa. Kutoijua hukumu hakukuwa tatizo lake. Baba yangu alipokuwa hai, magharibi ya Ramadhani walikaa wawili mkekani, akamwekea tende tatu kwenye kisahani, kila siku, miaka sitini na miwili. Sasa baba hayupo, na hata hiyo njaa ya kungoja magharibi anaambiwa aiache.

Nilikwenda Kivinje kukaa naye kumi la kwanza. Siku ya kwanza, saa sita mchana, mji umenyamaza kama unavyonyamaza mchana wa mfungo, nilijaza kikombe, nikaingia nacho chumbani, nikafunga mlango. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, tasbihi mkononi. Asubuhi alikuwa amekataa chai, akasema saa hazijafika, nami nilimwachia.

"Mama, saa imefika."

"Nimeiona."

Nikamwekea kikombe kwenye kigoda. Hakukigusa. Nilisikia sauti yangu ya darasani inapanda kooni, nikaimeza. Nilikaa karibu naye. Nilimwambia kwamba nimechoka kumpigia kelele, kwamba naogopa, kwamba baba ameshaondoka na siko tayari kumpeleka na yeye mwaka huohuo. Sikuwa nimewahi kumwambia maneno ya namna hiyo. Sisi si watu wa kuambiana.

Akaweka tasbihi chini.

"Usinitazame," akasema.

Nikageuka, nikaupa ukuta uso. Nilisikia kikombe kikigusa meno yake. Funda la kwanza, la pili, la tatu, halafu kimya. Nilijua nusu bado imo.

"Kimalize, mama," nikasema ukutani.

Akakimaliza. Halafu nikamsikia analia, kwa sauti ndogo, kilio ambacho hakukilia hata siku ya jeneza. Kila kiungo mwilini mwangu kilitaka kugeuka. Sikugeuka, kwa kuwa hilo ndilo aliloniomba.